Kutazama Meli, Kutoka Mto Elbe hadi Ghuba ya Winam

Jioni ya kwanza ya likizo yangu hapa Kisumu, shangazi aliniuliza huwa ninafanya nini huko Hamburg, Ujerumani, siku ambazo siendi kazini. Nilimjibu kwamba huwa ninakwenda mtoni kutazama meli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mtu ninayemngojea. Sina ninayemngojea, shangazi. Ninazitazama zikipita, nami napumzika. Niliona jibu langu halikumtosheleza, na kwa kuwa swali lake lilinifuata hadi kitandani, nimeona nilieleze jambo hili kwa utulivu zaidi.

Hamburg ni bandari kubwa, lakini haiko pwani. Meli inayotoka Bahari ya Kaskazini hupanda Mto Elbe kwa zaidi ya kilomita 100 kabla ya kufunga gati, na kwa sababu hiyo mtu aliyeketi ukingoni huweza kuiona kwa karibu mno, kana kwamba jengo refu limeamua kupita mbele yake polepole. Mimi nilizaliwa kando ya Ziwa Viktoria, ambalo maji yake hayapwi wala kujaa kwa namna ambayo jicho lingeweza kuiona. Maneno hayo mawili niliyajua kutoka vitabu vya shule tu, hadi nilipofika Elbe na kukuta mto ambao maji yake hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mara mbili kwa siku, huku meli zilizobeba mzigo mzito kabisa zikilazimika kupanga safari zao kwa kuyafuata maji hayo.

Mahali ninapopapenda ni Övelgönne, kipande cha mchanga kilicho mkabala na gati za makontena. Watu huja na blanketi na chai ya moto, wazee na watoto, hata wakati wa baridi. Meli kubwa zaidi zinazofika hapo zina urefu wa mita 400, na zinapokaribia kwanza husikii kitu, kwa kuwa injini imepunguzwa kasi na boti za kuvuta zimezishikilia mbele na nyuma. Kisha maji yaliyo miguuni pako hujiondoa taratibu, mchanga uliolowa ukabaki wazi, na baada ya meli kupita ndipo yanaporudi kwa wimbi linalowakimbiza watoto. Siku nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa na mwezi mmoja tu katika nchi ile, sijui lugha, nikiwa na barua za ofisini ambazo sikuweza kuzisoma, na kwa saa nzima nilizisahau.

Kadiri unavyotazama ndivyo unavyojifunza kusoma. Rangi ya sehemu ya chini ya meli, ambayo mara nyingi ni nyekundu, ikionekana kwa upana juu ya maji, meli hiyo imebeba kidogo. Ikiwa imezama isionekane, imeshiba. Kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, huandikwa jina la meli na bandari ilikosajiliwa: Monrovia, Majuro, Panama, Valletta. Jina hubadilika meli inapouzwa, bendera nayo hubadilika, lakini kuna namba ya tarakimu saba ambayo chombo hupewa tangu kinapoundwa na hubaki nayo hadi siku ya kukatwa vyuma. Jambo hilo hunituliza, ingawa sijapata kumweleza mtu sababu yake.

Kuteremka mtoni kidogo, katika mji wa Wedel, kuna kituo ambacho tangu mwaka 1952 kimekuwa kikizisalimu meli zinazoingia na kutoka. Bendera ya Hamburg hushushwa kidogo kwa heshima, salamu hutolewa kwa kipaza sauti, na wimbo wa taifa wa nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake hupigwa. Hapo ndipo nilipousikia wimbo wa taifa wa Liberia mara nyingi kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa wenye meli wengi ulimwenguni husajili vyombo vyao huko. Nilisimama kila ulipopigwa, kwa sababu ulikuwa wimbo wa Afrika na mimi nilikuwa Mwafrika pekee niliyemwona pale. Wetu, Ee Mungu Nguvu Yetu, sijausikia bado. Ninautaka kwa moyo wote, na ninaendelea kwenda.

Jana nilikwenda na baba mdogo karibu na bandari ya Kisumu. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, na ni yeye aliyekuwa akinipeleka, nikiwa mdogo, kuitazama MV Uhuru, meli iliyotengenezwa Uskoti katika miaka ya 1960, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapa Kisumu, kwa kuwa hakuna njia ya kuleta meli nzima ya namna hiyo hadi ziwa hili. Hubeba mabehewa ya treni. Alinieleza upya jinsi inavyorudi kinyumenyume hadi reli za gati na reli za sitaha zikutane, akionyesha kwa viganja vyake viwili, kwa uangalifu uleule wa zamani.

Upepo ulikuwa umeyasukuma magugumaji kando, na chombo kimoja cha mizigo kilikuwa kikija kutoka upande wa ghuba. Tulikaa kimya. Baba mdogo alikitazama kwa muda, akakunja macho, kisha akasema, "Mwanangu, angalia mstari wa rangi. Hicho kinarudi kitupu."

Nilikuwa nimeshauangalia. Tulingoja hadi kamba zikafungwa.