Nilivyomchagua chatu wangu na kumwandalia nyumba

Mi nilianza na nyumba, nyoka akaja baadaye, na kama unawaza kufuga chatu mpira nakuomba kabisa uanze hivyo hivyo. Wengi wanafanya kinyume, anamuona nyoka mzuri anamnunua siku hiyo hiyo, wanafika nyumbani boksi halijafika joto linalotakiwa, nyoka anakaa na stresi wiki nzima halafu anagoma kula, mwenye nyoka anaanza kuhangaika huku na huku.

Kwa asiyemjua, huyu ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, hana sumu, akiogopa anajiviringisha kichwa kinabaki katikati ndo maana ya hiyo mpira. Dume wengi wanaishia kama mita moja hivi, jike anaweza kufika mita moja na nusu. Na anaishi sana, miaka 20 mpaka 30 akitunzwa vizuri ni kawaida, kuna mmoja kwenye bustani ya wanyama ya Philadelphia kule Marekani alifika miaka 47. Kwa hiyo kabla ya yote jiulize kama uko tayari kukaa naye muda huo, na uulize mamlaka ya wanyamapori ya kwenu sheria inasemaje, maana chatu wote wako kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuna sehemu huruhusiwi kufuga bila kibali.

Sasa nyumba. Kilichonisaidia kuelewa kila kitu ni kujua anaishi wapi porini. Huyu mchana anashinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, sehemu yenye giza, ina unyevu, imembana kila upande. Ukishalishika hilo, maswali mengi yanajijibu yenyewe. Tanki kubwa la kioo lenye taa kali na kijumba kimoja kikubwa cha kupendeza, sisi binadamu tunaliona zuri ila kwake ni sawa na kulala uwanjani.

Nikachukua boksi lililofunikwa pande tatu, mbele milango ya kioo ya kusukuma. Mlango wa mbele nimeupenda kwa sababu mkono ukiingia kutokea juu yeye anauona kama ndege anayemvamia, ukiingia kwa mbele anatulia. Na kufuli ni lazima, usiku huwa anazunguka anasukuma kila upenyo kwa pua, kioo kikiacha nafasi ya kidole tu umempoteza. Ndani maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto moja upande wa baridi. Hii ya mawili sio mapambo jamani. Ukiweka moja tu upande wa joto, akitaka kupoa inabidi atoke nje, na akijiona hana usalama anaamua kubaki kwenye joto hata kama linamzidi. Saizi nayo muhimu, akijikunja ndani mgongo wake uguse kuta, ficho likiwa kama sebule halimsaidii kitu.

Joto nimeweka upande mmoja tu, balbu ya seramiki isiyotoa mwanga, juu, imezungushiwa wavu maana chatu atapanda ajiviringishe kwenye balbu aungue. Upande wa joto unacheza nyuzi 31 mpaka 33 za Selsiasi, upande wa pili 25 mpaka 27. Na kila chombo cha joto kinapita kwenye thamostati, kile kifaa kinachozima joto lenyewe likizidi, hapo sitaki mjadala kabisa. Mkeka wa joto au balbu ikichomekwa moja kwa moja ukutani inaweza kupanda mpaka imchome tumbo, na nyoka hakimbii moto kama wewe unavyotoa mkono kwenye sufuria, anaweza kulala pale pale huku ngozi inaungua. Yale mawe ya umeme ya kumpashia nyoka joto ndo usiyaguse kabisa. Vile vipimajoto vya mshale vya kubandika ukutani vinadanganya sana, mi natumia vya kidijitali vyenye waya, kimoja kichwa chake kimekaa ndani ya ficho la joto pale pale anapolala, kingine upande wa baridi. Hivyo hivyo kipima unyevu, nautaka asilimia 60 mpaka 70.

Unyevu watu wengi wanahangaika nao kwa kunyunyiza maji kila saa, juu panalowa chini pakavu. Mi nikaweka chenga za ganda la nazi nene kiasi, nikiona unyevu unashuka namimina maji kwenye kona yanaingia chini, juu panabaki pakavu tumbo halikai kwenye maji, maana tope la kudumu linaleta vidonda kwenye magamba ya tumbo. Maranda ya msonobari na mwerezi usiweke, mafuta yake yanasumbua mapafu ya nyoka. Bakuli la maji zito asilipindue.

Basi nikaliwasha boksi tupu, nikaliacha siku kadhaa nalichungulia asubuhi na usiku, mpaka namba zikatulia ndo nikaanza kutafuta nyoka.

Hapo kwenye kuchagua kuna mtego wa rangi. Hawa wana mofu nyingi mno, yaani aina za rangi na madoa, na wauzaji wanajua jicho linakwenda wapi. Mi nilijiwekea sharti kwamba rangi nitaangalia mwisho. Kwanza awe amezaliwa kwa mfugaji, sio wa kutoka porini. Kuna wengi wanasafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana, wengine wamekamatwa wakubwa, wengine mayai yamechukuliwa porini yakaanguliwa shambani, na hao waliokamatwa wakubwa mara nyingi wanakuja na kupe na minyoo na wanagoma kula vibaya sana. Pili mofu ya spaida nilishaikataa kabla sijaiona, ina kasoro ya sikio la ndani inayomfanya nyoka ayumbe kichwa, wengine wanapinduka kabisa wakitaka kushika chakula. Mzuri ndio, lakini mi siwezi kumwangalia mnyama anahangaika hivyo.

Kwa mfugaji nilikuta wadogo kadhaa, nikawashika mmoja mmoja bila haraka. Nyoka mzima ukimweka mkononi unamhisi, ana uzito, anajishikilia kwenye vidole, ulimi unatoka na kuingia. Akiwa mlegevu kama kamba muache. Nikaangalia macho yako wazi hayana ngozi ya zamani iliyobaki, pua kavu, nikamsogeza karibu na sikio nisikie pumzi, ukisikia mlio wa kukoroma au kubofya, au ukiona povu mdomoni, hiyo ni shida ya mapafu. Halafu nikachukua tishu nyeupe nikampitishia mwili mzima taratibu, nikakazia chini ya kidevu na kuzunguka macho, maana utitiri wanajificha hapo. Tishu ikitoka na vidoti vyeusi vinavyotembea, unaondoka na unanawa mikono. Mwisho sehemu ya kutolea haja, iwe safi, haijagandamana uchafu.

Wawili wakapita vizuri. Mmoja wa njano yenye mwanga hivi, kwa kweli alikuwa mrembo, mwingine dume wa rangi ya kawaida, kahawia na nyeusi. Nikamwomba mfugaji nione wakila, na pia anionyeshe daftari la kulisha. Yule wa njano akamnusa panya akageuka, daftari lake lilikuwa na mapengo. Wa kahawia akakaza shingo ikawa herufi S, akaruka, akamkaba, akameza. Panya wa friza aliyeyeyushwa, sio hai. Nikamchukua huyo, na mpaka leo nikimwona anavyong'aa baada ya kujivua gamba sioni kabisa kwa nini watu wanaiita rangi ya kawaida.

Nyumbani nikamweka kwenye ficho nikafunga, wiki ya kwanza sikumshika kabisa, maji tu na kuangalia namba. Sakafuni mwanzoni niliweka karatasi nyeupe badala ya chenga za nazi, ili choo na utitiri vionekane, nikizilowesha upande mmoja kulinda unyevu. Kula alikula baada ya hiyo wiki, na siri iko kwenye joto la panya: chatu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyosoma joto, kwa hiyo panya namyeyusha kwenye friji, halafu namfunga kwenye mfuko namtia kwenye maji ya moto mpaka afike joto la mwili, kichwa kiwe cha moto zaidi, nampa kwa koleo refu usiku taa zimezimwa. Akishakula simgusi siku mbili, ukimshika mapema anatapika.

Alipokua nikampa boksi la sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Kuna wanaosema boksi kubwa linamfanya agome kula, mi naona kinachomtisha ni uwazi, sio ukubwa. Nililijaza matawi, magome na majani ya plastiki mpaka anaweza kuvuka upande hadi upande bila kuonekana, na hakukosa mlo hata mmoja kwenye kuhama. Usiku anapanda matawi, kitu ambacho watu wanasema hawa hawafanyi.

Kugoma kula aligoma baadaye, alipokomaa, madume wanafanya hivyo msimu wa kupandana, inaweza kwenda miezi. Hapo mizani ndo inakutoa wasiwasi. Mi nampima kila mwezi kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali naandika gramu, na mpaka anaanza kula tena uzito ulikuwa haujatikisika. Ukiona umeshuka kama sehemu moja ya kumi, au pumzi ina mlio, au gamba linatoka vipande vipande hata baada ya kupandisha unyevu, usisubiri, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, na uende na zile namba zako za joto na unyevu maana ndo kitu cha kwanza atakachokuuliza.