Ndala za jikoni, oveni mpya na waya uliokatika chini ya pevingi

Kwetu Tabata kulikuwa na ndala za jikoni. Sio za mtu yeyote, ni za oveni. Ukitaka kufungua mlango wa oveni unavaa ndala kwanza, ukisahau ukaenda peku unasikia kitu kinakung'ata vidoleni, sio shoti ya kukurusha, ni kama wadudu wanatembea mkononi, na kila mgeni anayekuja kumsaidia mama anaambiwa mapema, vaa hizo ndala, oveni ina shoti. Tukazoea. Mi mwenyewe keki za oda zote za harusi na sikukuu nimeoka pale nikiwa na ndala mguuni na kitambaa kikavu mkononi, miaka minne yote.

Mwezi uliopita tumebadilisha ile oveni, na nilichokiona siku hiyo kimeninyima usingizi siku kadhaa, nikiwafikiria watoto wa dada yangu wanavyokimbizana pale jikoni sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki. Najua nyumba nyingi hapa Dar zina ndala kama zile, nyingine zinakaa mbele ya friji. Ndio maana naandika.

Ilianza koili ya chini kufa. Keki juu imeiva inapendeza, ukiigeuza chini uji. Nikapiga hesabu ya koili na fundi kwa oveni ya umri ule nikaona bora niongeze ninunue jiko jipya, lenye pleti 4 juu na oveni chini, umeme mtupu. Dukani wakanipa na kijana wa kuja kufunga. Akafika na plagi mfukoni, hizi za kawaida za miguu mitatu, ananiambia dada hii ni dakika kumi, tunatoa la zamani, hili tunalifunga plagi, tunachomeka hapo kwenye soketi ya friji, jioni unapika.

Nikamzungushia jiko nyuma nikamuonyesha kile kibati cha maandishi, wati 7,400. Hizi plagi zetu mwisho wake ni ampia 13, kwa umeme wetu wa volti 230 ni kama wati 3,000 tu. Akasema usijali, fyuzi ikiungua tunaweka kipande cha waya hapo ndani haiungui tena. Jamani. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla waya uliopita ndani ya ukuta haujaungua, ukiweka kipande cha waya umeiondoa, kinachobaki kuungua ni nyumba. Sikugombana naye, nikampa nauli, nikamwambia nitakutafuta.

Shemeji ndio akatuletea fundi mwingine, mtu mzima, ana leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia mambo ya umeme, na aliitoa mwenyewe kabla sijauliza. Na we ukimwita fundi wa umeme muombe, wenye leseni hawakasiriki. Alivyofika akamwamkia mama, akakaa, halafu badala ya kwenda kwenye oveni akauliza maswali mawili, meni swichi iko wapi na ethi yenu, ule waya wa kushusha ardhini umeme unaovuja, imechimbiwa wapi.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika toka asubuhi. Nikamwambia fundi si ndio vizuri, fanya sasa hivi kabla haujarudi. Akacheka kidogo, akasema, "Dada, umeme uliokatika sio umeme uliozimwa. Ule unarudi saa unayotaka wenyewe, mkono wangu ukiwa ndani." Nimeshaona mafundi wangapi mtaani wanasubiri umeme ukatike ndio wapande juu ya dari, na mimi nilikuwa naona ni akili! Akauliza tena kama tuna sola au inveta au jenereta ya kuchangia na jirani, maana hivyo navyo vinaweza kukuletea umeme kwenye waya unaodhani umekufa. Hatuna. Bas akasema wakati tunasubiri twende nje tukaangalie ethi.

Hapa ndio pa kusimulia vizuri. Mama alikuwa anakumbuka fimbo ya ethi ilichimbiwa ukutani upande wa mita, baba alipojenga, lakini sa hivi pale juu pote ni pevingi. Fundi akatoa bloki kama sita kwa bisibisi kubwa, akafukua mchanga kwa mkono, fimbo ikaonekana, kichwa chake kimesimama na klampu yake bado imekaza. Lakini kwenye klampu kuna kipisi cha waya kama urefu wa kidole, na kipisi chenyewe kimeota ukungu wa kijani kama sarafu ya zamani. Upande wa pili wa waya, unaotoka ndani ya nyumba, ulikuwa hapo hapo kwenye mchanga, haujafika hata shubiri moja kutoka kwenye fimbo. Umekatwa kwa chepe. Yani nyumba nzima, oveni, friji, pasi, mashine ya kufulia, vyote ethi yake ilikuwa imeishia kwenye mchanga mkavu chini ya bloki.

Mama akasimama anaangalia, akasema taratibu, "Mwaka ule tulioweka pevingi ndio ndala zilianza."

Hakuna aliyeongea kwa muda.

Fundi akanielekeza nami nikaelewa hivi. Koili ya oveni ni waya mwembamba uliopita katikati ya bomba la chuma, na katikati ya waya na bomba wameshindilia unga mweupe unaozuia umeme usitoke nje. Ule unga unapenda unyevu, na Dar hii na upepo wake wa bahari unyevu upo mwaka mzima, kwaiyo koili ikizeeka au ikikaa muda bila kuwashwa inaanza kuvujisha umeme kidogo kuja kwenye bodi, yani chuma cha nje cha oveni. Ethi ikiwepo, huo umeme unashuka ardhini. Isipokuwepo, unakaa kwenye bodi unangoja mtu mwenye njia ya kwenda chini, na huyo mtu ni wewe uliye peku. Ndala inapunguza tu. Siku ndala imelowa, au mkono mmoja uko kwenye oveni na mwingine umeshika bomba la sinki, ndala haikusaidii kitu.

Nikauliza, sasa ethi tukiiunga si bas? Akasema hapana, na hii sikuijua kabisa. Kwa nyumba kama yetu inayotegemea fimbo yake yenyewe, ardhi ina ukinzani, chukulia umepima ukapata omu 20, gawanya volti 230 kwa 20 unapata ampia 11 na nusu. Breka ya jiko jipya itakuwa ya ampia 32. Kwa hiyo waya wa moto unaweza kugusa bodi ya jiko, ampia 11 zinaenda ardhini, na breka imekaa kimya kwa sababu kwake hizo ni chache, bodi inabaki na umeme. Ndio maana lazima iwepo RCD, ile breka pana yenye kitufe cha testi, hiyo inakata umeme ukivuja miliampia 30 tu. Kwenye boksi letu hakukuwa nayo. Ilikuwepo nafasi tupu iliyozibwa na plastiki.

Umeme ukarudi saa nane. Fundi akaenda ukutani akazima swichi ya oveni ya zamani, maana ile haikuwa na plagi, ilikuwa imeungwa moja kwa moja. Taa nyekundu ya swichi ikazimika. Akafungua kifuniko cha nyuma ya oveni, akaniita niangalie, akaweka testa kwenye waya. Ikawaka. Swichi imezimwa, oveni imepoa, na waya una umeme kamili! Aliyefunga zamani aliweka swichi ya kukata waya mmoja na akaiweka kwenye nyutro, inakata waya wa kurudi wakati waya wa moto unaendelea kuwepo mpaka ndani ya oveni masaa yote. Nikakumbuka mara ngapi nimezima pale ukutani nikaingiza kichwa na dodoki la chuma kusugua mafuta.

Baada ya hapo akashusha breka ya jikoni, akapima soketi ya sebuleni kwa multimita kuhakikisha multimita yenyewe inasoma, ikaonyesha 231, akapima waya wa oveni, sifuri, moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi, zote. Halafu akashusha na meni swichi, akaizungushia tepu nyeusi, akamwambia mdogo wangu akae pale mlangoni asiruhusu mtu kugusa. Mtu kufika nyumbani akakuta giza akapandisha breka ni jambo la sekunde moja.

Waya wa zamani ulikuwa wa milimita 2.5 kwa breka ya 20, kwa oveni ile ndogo ulitosha, kwa jiko jipya hapana. Tumevuta laini mpya kutoka kwenye boksi, kebo ya milimita 6, breka ya 32, na swichi kubwa ya jiko ya ampia 45 inayokata waya zote mbili. Ethi ikaungwa upya kwenye fimbo, na RCD ikawekwa kwenye boksi. Nilimuuliza mbona wati 7,400 ni ampia 32 na kidogo, si inavuka, akasema pleti zote nne na oveni haziwaki kwa pamoja moto mfululizo, thamostati zinazima na kuwasha, ndio maana inabeba. Swichi tumeiweka pembeni ya jiko, sio nyuma yake, ili mafuta yakishika moto usipitishe mkono juu ya sufuria kwenda kuzima.

Kebo niliifuata mwenyewe Kariakoo. Fundi alinifundisha kukwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa, shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani, ukikwangua ukaona weupe ujue ni aluminiamu iliyopakwa. Duka la kwanza nilikwangua nikaona weupe, nikatoka. La pili ilikuwa nyekundu, bei imesimama lakini nililipa.

Rangi nazo muwe makini. Nyumba yetu ina nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ethi. Jiko jipya lina kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ethi. Kwenye mfumo wa zamani wa fezi tatu bluu ilikuwa fezi, yani waya wa moto, na kwenye mfumo mpya nyeusi ni fezi, kwaiyo anayefunga kwa kukariri rangi bila kupima anaweza kukuulia mtu.

Nyuma ya jiko kuna kiboksi cha tamino, pale waya zinapofungwa, kina skrubu tano zenye namba na moja ya ethi, na kuna vijibati vya shaba vilikuja kwenye kimfuko kidogo kimebandikwa kwa selotepu, mimi ningevitupa na maboksi. Vile ndio vinaamua jiko linaingia kwenye umeme wa aina gani, kwa sisi wa fezi moja kwenye jiko letu unaunganisha 1, 2 na 3 pamoja kwa moto, 4 na 5 kwa nyutro, na mchoro umebandikwa hapo hapo kwenye kifuniko, ufuateni mchoro wa jiko lenu msifuate la kwangu. Skrubu alizikaza, akavuta kila waya kwa mkono, akakaza tena. Waya uliolegea ndio unaochemka mpaka plastiki inayeyuka, hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Mwisho akabana kebo kwenye klampu yake ili ukivuta jiko kufagia usivute zile skrubu.

Kunyanyua ilikuwa watu wawili, na mlango wa oveni mkiutoa kwanza unapunguza uzito, ila fungeni vilachi vya bawaba kabla, zile zina springi, zikifyatuka zinakata kidole. Nyuma tukafunga na mnyororo ukutani, mtoto akikanyaga mlango ulio wazi jiko lisimuangukie.

Fundi akapandisha umeme, akabonyeza kitufe cha testi, tap, RCD ikakata. Akapima bodi ya jiko na ethi, sifuri. Akaniambia nibonyeze hicho kitufe mara moja moja, nisisubiri siku ya ajali.

Siku ya kwanza tuliwasha oveni tupu moto wa mwisho saa nzima, madirisha wazi, inanuka mafuta ya kiwandani, ni kawaida. Matumizi ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, yamepanda, oveni peke yake ni wati 2,400 na kwa mtu anayeoka biashara uniti 75 za bei ndogo hazifikishi mwezi, hilo nimeliingiza kwenye bei ya keki.

Ya zamani tumempa kijana wa vyuma chakavu, ila kwanza fundi aliukata waya wake karibu kabisa na bodi, asije mtu akaiokota akaiunga tena. Kwenye pevingi pale kwenye fimbo tumeacha bloki moja bila saruji, mama kaipaka rangi ya kijani.

Ndala zimehamia bafuni.