Nilivyosafisha bilauri ya enameli bila kubandua rangi

Kazi yenyewe huanza kwa kutazama. Humpen, zile bilauri kubwa za bia za Ujerumani na Bohemia (sasa sehemu ya Cheki) zilizopambwa kuanzia karne ya 16, mara nyingi kwa tai wa vichwa viwili mwenye ngao mabawani, mimi huzikagua kwa lenzi ya sonara ya mara 10, taa ikimulika kutoka ubavuni. Enameli ni kioo kilichosagwa pamoja na oksidi za madini (bati hutoa nyeupe, kobalti buluu), kikapakwa kwa brashi na kuchomwa. Isipoiva sawasawa, au ikisinyaa kuliko kioo kilicho chini yake, hunyanyuka kingo kama magamba. Vidoti vinene vyeupe ndivyo hutangulia kudondoka.

Gamba lililonyanyuka nililishika kwanza, ndipo nikafikiria uchafu. Nilichanganya gramu 10 za Paraloid B-72 (gundi ya akriliki) na asetoni hadi mililita 100, nikagusisha tone ukingoni kwa brashi nyembamba. Lilinyonywa lenyewe hadi chini. Ukikosea, asetoni huiyeyusha tena gundi hiyo. Lakini usiisogeze asetoni kwenye rangi ambayo haikuchomwa, itaondoka nayo.

Kisha kuosha. Kuloweka, hapana. Niliweka taulo mezani, nikachovya kijiti cha pamba katika maji yaliyokenekwa na ethanoli, nusu kwa nusu, nikakikamua na kukiviringisha sentimita moja ya mraba kwa wakati. Kuviringisha, si kusugua. Pamba ikichukua rangi badala ya vumbi, acha hapo hapo. Siki usiijaribu kabisa: asidi hung'oa madini ya risasi yaliyomo kwenye enameli na rangi hufifia moja kwa moja. Kwa sababu ya risasi hiyo hiyo, sinywei.

Kioo chenyewe nacho kina maradhi. Potashi yake ilitokana na majivu ya miti, na chokaa ikipungua humo, unyevu huivuta potashi nje: kioo hutoa jasho linaloteleza, baadaye nyufa kama utando wa buibui. Chenye dalili hizo nakipangusa kwa ethanoli tupu na kukiweka kabatini kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 45, usiopandapanda wala kushukashuka.

Tarehe iliyoandikwa kwenye bilauri isikudanganye. Kiwanda cha Fritz Heckert kule Petersdorf, Silesia (sasa Piechowice, Poland), kilichoanzishwa 1866, kilitengeneza Humpen za mtindo wa kale. Tazama kitako: kilichosuguliwa kwa miaka mingi kina mikwaruzo ya kila upande, si ya mwelekeo mmoja.