Pochi ya zamani imehamia Qubes: anwani iliyokataa kuonekana

Hatimaye konsoli ya Electrum, programu ya pochi ya bitcoin, imenijibu `True` (ndiyo), na pochi yangu ya zamani ya bitcoin imehamia rasmi kwenye Qubes OS, mfumo endeshi unaoigawa kompyuta katika mashine pepe zilizotengwa. Nilitarajia kwamba sehemu ngumu ingekuwa Qubes yenyewe, pamoja na mashine pepe zake na ukali wake juu ya kila kifaa cha USB, lakini huko nilipita bila shida kubwa. Kilichonisumbua ni anwani moja tu, ambayo nilijua kwa hakika kuwa ni yangu, na ambayo pochi iliyorejeshwa iliikana kila nilipoiulizia.

Hali ilikuwa hivi. Pochi ilizaliwa kwenye simu, ndani ya programu ambayo watengenezaji wake waliitelekeza, na ambayo iligoma kabisa kufunguka baada ya simu kupata toleo jipya la mfumo endeshi. Nilibaki na maneno 12 ya urejeshaji yaliyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na anwani moja inayoanza na bc1q ambayo niliwahi kulipwa kupitia kwayo. Njia fupi ingekuwa kuyaingiza maneno hayo kwenye programu nyingine yoyote ya simu, lakini kusudi zima la kuhama lilikuwa kwamba yasiguse tena mashine yenye mtandao. Kwa hiyo nilitenga vyumba viwili ndani ya Qubes, maana mashine pepe zake ni vyumba kweli, kila kimoja na kuta zake. Cha kwanza, `hifadhi`, hakijaunganishwa na mtandao wowote, nacho ndicho kinachoshika funguo za siri. Cha pili, `tazama`, hutoka nje kwa Tor, mtandao unaoficha mtumiaji yuko wapi, kupitia sys-whonix, chumba cha Qubes cha kazi hiyo, na kinajua ufunguo wa umma pekee, hivyo kinaona salio bila kuwa na uwezo wa kulitumia.

Electrum niliipakua katika chumba cha muda, nikaihakiki kwa saini ya PGP, yaani saini ya kidijitali ya watengenezaji wake, kisha nikaivusha kwa `qvm-copy`, amri ya Qubes ya kunakili faili kutoka chumba kimoja hadi kingine. Anayeiona hatua ya saini kuwa usumbufu akumbuke mwishoni mwa 2018, wakati seva zenye nia mbaya zilipokuwa zikiwatumia watumiaji wa Electrum ujumbe wa kuwataka wapakue toleo jipya, toleo ambalo lilikuwa la kughushi na likawaibia sarafu zao. Faili lenyewe nililiweka kwenye saraka ya nyumbani ya `hifadhi`, kwa sababu chumba cha aina hiyo, kila kinapozimwa, husahau mabadiliko yote yaliyofanywa nje ya `/home`, `/usr/local` na `/rw`.

Maneno ya programu ile ya simu yalikuwa ya BIP39, kiwango cha maneno ya urejeshaji kinachotumiwa na pochi nyingi, na Electrum huyapokea kwa shingo upande, maana ni lazima ufungue chaguo la pembeni na utamke mwenyewe kwamba ni ya aina hiyo. Zamani niliuona huo kuwa ukaidi wa wasanifu wake, lakini baada ya mradi huu nimehamia upande wao. Maneno yanayozalishwa na Electrum hubeba ndani yake alama ya toleo, kiasi kwamba programu ikiyasoma inajua izalishe anwani za aina gani. Maneno ya BIP39 hayabebi habari hiyo, na anayeyarejesha hana budi kutaja njia ya kuzalisha funguo: m/44'/0'/0' kwa anwani zinazoanza na 1, m/49'/0'/0' kwa zinazoanza na 3, au m/84'/0'/0' kwa zile za bc1q. Ukitaja isiyo yake, hutapata onyo lolote. Utapata pochi safi, halali na tupu. Hata ule uhakiki wa ndani wa maneno si wa kutegemea sana, kwani kwa maneno 12 una biti 4 tu, maana yake mpangilio wa kubahatisha wa maneno kutoka kwenye orodha ile ya maneno 2048 una nafasi moja kati ya 16 ya kukubaliwa.

Nikachagua m/84'/0'/0', pochi ikaundwa, nikafungua konsoli na kuiuliza kwa `ismine`, amri inayojibu kama anwani ni ya pochi hiyo, kuhusu ile anwani yangu ya bc1q. Jibu likawa `False`, yaani hapana.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Nilianza kuishuku karatasi, nikayasoma maneno herufi kwa herufi, na yote yalikuwa sawasawa. Nikajaribu njia za 44 na 49, ingawa mwanzo wa anwani ulinikataza, kisha nikabadilisha namba ya akaunti kutoka 0' kwenda 1' na 2', nikidhani labda programu ile ilihesabu kwa mtindo wake. Nikawaza kuhusu kaulisiri ya ziada, ambayo huzaa pochi nyingine kabisa kutoka kwenye maneno yaleyale, lakini programu ile haikuwa hata na mahali pa kuiingizia. Kila jaribio lilinipa pochi iliyoonekana timamu na `False` isiyotikisika. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Electrum ina kitufe cha kutafuta akaunti zilizokwisha kutumika, ambacho hupitia njia zinazojulikana na kuziuliza seva kama zina historia. Kitufe hicho kipo palepale kwenye skrini, lakini ndani ya `hifadhi` hakina wa kumuuliza. Nilifika mahali pa kutamani kukipa chumba kile mtandao kwa dakika chache tu. Nilijizuia, kwa sababu dakika hizo chache zingefuta sababu ya kuwa na chumba hicho.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu kwenye ukurasa wa anwani. Orodha ya anwani za kupokelea ilianza na namba 0 na kukomea namba 19, na ilikuwa hivyo kwa kila njia niliyojaribu. Pochi za aina hii zinaweza kuzalisha anwani karibu bila ukomo, hivyo hujiwekea kikomo cha pengo: Electrum hukokotoa anwani 20 za kupokelea, na kila moja inapoonekana kutumika huongeza nyingine mbele, ili daima kuwe na 20 tupu zinazofuatana mwishoni. Penye mtandao utaratibu huu unakwenda wenyewe na hakuna anayeufikiria. Pasipo mtandao, pochi haioni hata muamala mmoja, kwa hiyo kwake hakuna anwani iliyowahi kutumika, na orodha inabaki ishirini milele. Programu yangu ya simu, kwa upande wake, ilikuwa na tabia ya kutoa anwani mpya kila ukurasa wa kupokea ulipofunguliwa, awe amekulipa mtu au la.

Nikaandika `wallet.change_gap_limit(200)`, kisha `wallet.synchronize()`, nikauliza tena. `True`. Anwani ilikuwa namba 46, chini ya m/84'/0'/0', njia ileile niliyoanza nayo. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu maelezo mengi ya urejeshaji humwambia mtu kwamba asipoiona anwani yake basi maneno yake ni mabaya, na mtu aliyeambiwa hivyo anaweza kuitupa karatasi nzima. `False` ya chumba kisicho na mtandao ina maana finyu mno: anwani hiyo haimo miongoni mwa zile ambazo pochi imekwisha kuzikokotoa.

Nikauchukua ufunguo wa umma unaoanza na zpub, nikauvusha hadi `tazama` kwa Ctrl+Shift+C na Ctrl+Shift+V, na hapo kukawa na kituko cha pili. Salio lililoonekana lilikuwa sehemu tu ya nilichotarajia. Safari hii mtandao ulikuwepo, lakini kati ya anwani za mwanzo zilizotumika na zile za mbele kulikuwa na pengo linalozidi 20, hivyo pochi ilitafuta, ikakuta tupu mfululizo, ikasimama. Amri zilezile mbili zikaleta kilichobaki. Maana yake hata ningekubali kulegeza ulinzi na kukitumia kile kitufe, kingenipatia akaunti sahihi huku kikiacha fedha nyingine hazionekani.

Kutuma ni rahisi kuliko kunavyoonekana kwenye maelezo. `tazama` hutengeneza muamala usio na saini kama faili la PSBT, muundo wa muamala unaosubiri saini, `qvm-copy` hulivusha baada ya dom0, chumba kikuu kinachosimamia vingine, kuuliza linakwenda wapi, nalo hutua kwenye saraka ya `QubesIncoming` ndani ya `hifadhi`, ambako nalifungua, nasoma kiasi na anwani kwa macho yangu, natia saini na kulirudisha. Nakiri kwamba kila faili linalotoka kwenye chumba chenye mtandao kwenda kwenye chumba cha siri ni mlango mdogo wa hatari, lakini ni mlango mmoja ninaoujua, tofauti na simu ambayo ilikuwa milango mitupu.

Kuhamisha pochi, hata hivyo, si sawa na kuhamisha sarafu. Maneno yale 12 yalizaliwa kwenye simu na kukaa humo kwa muda mrefu, na kama kuna aliyeyaona huko, kuyaandika upya ndani ya Qubes hakumzuii kuyatumia. Kwa hiyo nilizalisha maneno mapya ndani ya `hifadhi`, safari hii ya Electrum yenyewe, na nazituma sarafu huko kidogokidogo. Naepuka kuzikusanya zote katika muamala mmoja, kwa kuwa muamala wa namna hiyo humtangazia kila mtazamaji kwamba anwani zote hizo ni za mtu mmoja.

Kuhusu Tails, ambayo nayo huja na Electrum ndani yake: ni mfumo mzuri kwa anayetaka kuiwasha kutoka kwenye kifaa cha USB, kufanya jambo lake na kuzima bila kuacha alama. Kwangu ilipungukiwa na kitu kimoja, nacho ni kuwa na pochi yenye funguo na pochi ya kutazama kwenye skrini moja kwa wakati mmoja bila ya kwanza kugusa mtandao. Qubes hunipa hilo, ingawa hula kumbukumbu ya kompyuta bila huruma.

Mpango ulisema kwamba hatua inayofuata ni kuendesha nodi yangu ya Bitcoin Core pamoja na seva binafsi ya Electrum, ili `tazama` isiulize seva za watu kuhusu anwani zangu. Nimeuweka kando kwa sasa kwa sababu nimenaswa na wazo jingine: huduma ndogo ya qrexec, njia ya Qubes ya chumba kimoja kuomba kazi kwa kingine, nimeiita `pochi.Saini`, itakayoipokea PSBT kutoka `tazama`, kunionyesha katika dirisha la `hifadhi` kiasi na anwani zinazolipwa, na kutia saini nikikubali. Kwenye dom0 ni mstari mmoja ndani ya `/etc/qubes/policy.d/30-user.policy`:

`pochi.Saini * tazama hifadhi ask default_target=hifadhi`

Skripti nimeiweka katika `/usr/local/etc/qubes-rpc/` ili isifutike chumba kikizimwa. Inapokea faili na kulichambua vizuri, lakini inapotenganisha malipo na chenji (kiasi kinachobaki na kurudi kwenye anwani yangu mwenyewe) kwa kutumia `ismine`, huihesabu chenji kuwa ya mtu baki pindi namba yake inapovuka zile 10 ambazo Electrum huzikokotoa mwanzoni kwa upande wa chenji, na `change_gap_limit` inagusa anwani za kupokelea tu. Kwa sasa naziongeza kwa `wallet.create_new_address(True)` ndani ya kitanzi kwenye konsoli. Nataka skripti ifanye hivyo yenyewe kabla haijafungua dirisha, na hapo ndipo nilipofikia.