Dawa husafisha tumbo, malisho haiyagusi

Swali ninaloletewa sana kwenye duka langu la dawa za mifugo hapa Igoma, Mwanza, wakati wa masika ni la tegu wa mbuzi. Mtu anaingia, "Mwangaluka, mayu," na kabla sijaitikia vizuri keshaweka kopo juu ya kaunta. Ndani yake kuna kinyesi cha mwanambuzi chenye vipande vyeupe kama punje za wali. Halafu lawama: dawa alinunua kwangu, mbuzi wote walinyweshwa, mbona tegu wamerudi?

"Baba, dawa ilifanya kazi," huwa namjibu. "Imesafisha tumbo. Malisho haikuyagusa."

Mbuzi hamwambukizi mwenzake tegu huyu, hata wakilala zizi moja. Hata akiyala mayai yenyewe, hapati kitu. Lazima mayai yapitie kwanza kwenye utitiri wa udongo, kundi liitwalo Oribatida. Siyo ule wa kuku unaonyonya damu. Huu hula ukungu na majani yanayooza, na wengi wao hawafiki milimita moja. Ni ndugu wa kupe: wakubwa wana miguu minane, wachanga sita. Mmarekani Horace Stunkard ndiye aliyeonyesha, mwaka 1937, kwamba wadudu hawa hula mayai ya tegu, lava (tegu mchanga) akakulia mwilini mwao, kisha mnyama akawameza pamoja na nyasi. Na hawafi upesi. Wapo wanaoishi mwaka na zaidi, kwa hiyo kinyesi cha masika haya kinaweza kumsumbua mwanambuzi ambaye hajazaliwa.

Maneno matupu hayamridhishi mfugaji, basi nikaamua kuwakamata. Nilikata chupa ya maji, nikageuza mdomo wake chini, nikaweka kipande cha chandarua na juu yake majani yaliyooza ya chini ya mwembe. Juu kabisa balbu ya vifaranga, ile ya zamani yenye waya. (Hizi za kubana umeme hazichomi, usihangaike nazo.) Majani yakikauka kutoka juu, wadudu hukimbilia chini kwenye unyevu na kudondokea kwenye kikombe cha spiriti. Ujanja wa balbu ni wa Msweden Albert Tullgren, 1918. Kabla yake, mwaka 1905, Mwitaliano Antonio Berlese alitumia joto la maji ya moto.

Kwa macho niliona vumbi la kahawia. Mwalimu wa baiolojia, jirani yangu, akaniazima hadubini. Jamani! Kumbe wana magamba yanayong'aa, na baadhi yao hukunja miguu yote ndani na kujifunga kabisa, usijue kichwa kiko wapi. Duniani spishi zilizoelezwa zimepita 10,000, na sisi tunawakanyaga kila siku kuanzia hapa mpaka Kayenze.

Sasa wateja wakiwaona wananiomba sumu ya kupuliza malishoni. Siuzi, na hata ningekuwa nayo nisingetoa. Hao ndio wanaosaga majani kuwa udongo, na wengi wao hawajawahi kukutana na yai la tegu. Tibu wanambuzi, maana wakubwa mara nyingi tegu huyu hawadhuru sana. Na asubuhi usifungue zizi mapema: nyasi zikiwa na umande, utitiri hupanda juu, pale pale mbuzi anapong'ata.