Dakika Ambazo Sizikumbuki

Nilipong'olewa magego mawili ya mwisho nikiwa nimepewa midazolamu, dawa ya kumtuliza mgonjwa, kupitia mshipa wa mkono, nilijibu maswali ya daktari, nilifungua kinywa kila nilipoambiwa, na hata niliomba tupumzike kidogo. Haya yote nimeyajua kwa kusimuliwa na dada yangu aliyekuwa amenisindikiza, naye aliyasikia kwa daktari. Mimi nakumbuka sindano, kisha pamba mdomoni.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba nililala. Sikulala. Dawa hiyo huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza seli za neva, na hivyo kuzuia utungaji wa kumbukumbu mpya, ingawa mgonjwa bado anasikia na kuitikia. Yaliyotangulia sindano kwa kawaida hubaki salama. Gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo nayo hutumiwa kuwatuliza wagonjwa wa meno na huvutwa kwa pua, kwa kawaida haifuti kumbukumbu kwa kiasi hicho.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili: midazolamu haiondoi maumivu, na kuyasahau maumivu si sawa na kutoyapata. Ndiyo maana sindano ya ganzi kwenye ufizi inabaki ya lazima, na ndiyo maana naona ridhaa ya mgonjwa ichukuliwe kabla ya dawa, kamwe si baada yake.

Usahaulifu huo huendelea kwa saa kadhaa. Daktari alinieleza kwa utaratibu namna ya kutunza kidonda, nami nikaitikia kwa kichwa. Nyumbani sikukumbuka hata neno moja, ila dada alikuwa ameyaandika yote.