Baiskeli ya ndani, barabara, na suala la joto

Wapo wanaodai kwamba kuendesha baiskeli ndani ya chumba si uendeshaji wa kweli. Sikubaliani nao, kwa kuwa saa moja juu ya baiskeli iliyofungwa kwenye mashine hunichosha kuliko saa moja ya barabarani. Nje kuna miteremko na makutano ambako miguu hupumzika huku magurudumu yakiendelea kuzunguka, ilhali ndani hakuna mteremko wa kukubeba.

Linalonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni joto. Mwili hugeuza takriban robo tu ya nishati unayotumia kuwa nguvu ya kusukuma pedali, na karibu yote inayobaki huwa joto. Kwa hiyo mwendeshaji anayetoa wati 200 huzalisha joto la wati 600 hivi, au zaidi. Barabarani upepo wa mwendo huliondoa na kukausha jasho kabla hujalihisi. Chumbani jasho hutiririka hadi kidevuni, likadondokea usukani na kuingia kwenye skrubu zake, ambazo hushika kutu upesi, na mapigo ya moyo huzidi kupanda ingawa nguvu miguuni ni ile ile. Ndiyo maana ningenunua feni kubwa ya kuelekeza kifuani kabla ya kufikiria skrini yoyote ya kutazama ninapoendesha.

Mwishoni mwa Februari 2016, mwendesha baiskeli Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono mashindanoni, akafanya mazoezi nyumbani juu ya mashine, na tarehe 10 Aprili akashinda Paris-Roubaix, mbio maarufu kwa barabara zake za mawe. Mashine ilimtunzia pumzi na miguu, lakini ujuzi wa kupita juu ya mawe hayo alikuwa ameupata kwa kuyapitia miaka mingi. Hapo ndipo ninapomhofia anayejifunza ndani tu: ana nguvu, ila akifika kwenye kona hukaza mikono na kushika breki katikati ya mpindo, wakati alipaswa kupunguza mwendo kabla ya kuingia. Vilevile hajui kumfuata mwenzake kwa karibu ili akingwe na upepo, ambao kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu zake.

Kwa hiyo mazoezi mafupi ya kujikamua ninayafanya ndani, ambako hakuna gari la kunikatiza, na safari ndefu ninaziachia barabara, ikiwezekana nikiwa na wenzangu.